Pasi ya msimu ilitula, Noah ikatuokoa: familia yangu na skii za Yuzawa

Nianze na hasara, maana ndiyo iliyonifundisha kuhesabu. Oktoba 2019 mimi na mume wangu tulinunua pasi mbili za msimu za kiwanja kimoja cha skii, yaani cha kuteleza kwenye theluji, mkoani Niigata, yen 45,000 kila moja, bei ya wanaowahi. Tunaishi Saitama, jirani na Tokyo. Yeye yuko kwenye yadi ya magari yaliyotumika yanayopakiwa kwenda Dar na Mombasa, mimi napika kwenye kituo cha wazee. Mtoto wetu mkubwa alikuwa darasa la kwanza, mdogo ana miaka mitatu. Tukapiga hesabu mezani: tiketi ya siku pale ni yen 5,000, tukienda mara tisa pesa imerudi, kuanzia mara ya kumi tunateleza bure. Nani atashindwa kwenda mara kumi kuanzia Desemba hadi Machi?

Sisi tulishindwa. Baridi ile ya 2019-2020 theluji ilikuwa haba upande wa Bahari ya Japani kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa sehemu nyingi. Krismasi tulikuta nyasi zimechungulia katikati ya mteremko, na lifti mbili tu za kupandisha watu mlimani zinazunguka. Januari mdogo akaugua sikio. Machi 2 shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, nasi tukajifungia ndani kama wengine. Jumla tulikwenda mara nne. Yen 45,000 gawanya kwa nne ni yen 11,250 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya tiketi ya dirishani. Niliandika kuomba walau punguzo la mwaka unaofuata. Nikajibiwa kwa adabu zote za Kijapani, aya tatu za kuomba radhi, kwamba masharti yapo nyuma ya fomu. Kweli yalikuwepo. Sikuyasoma.

Basi nikakasirika, tukakaa miaka mitano bila kugusa skii.

Kilichoturudisha ni mama mkwe. Alikuja kututembelea Februari 2025 kutoka Lushoto, na watoto wakaapa kwamba bibi haondoki Japani bila kuona theluji. Safari hii niliapa na mimi: hakuna kununua kitu chochote cha msimu. Siku tatu, usiku mbili, watu watano, na kila yen inaandikwa kwenye daftari.

Swali la kwanza lilikuwa usafiri, na hapo wengi wanapotea. Yuzawa, mji wa huko huko Niigata, ndiyo sehemu ya skii iliyo rahisi kufikika kutoka Tokyo. Treni ya mwendo kasi ya Joetsu inatia nanga, wacha niseme hivyo, ndani kabisa ya kiwanja: stesheni ya Gala Yuzawa ilijengwa mlangoni mwa kiwanja chenyewe, unashuka, unapanda ngazi, unakodi viatu, unaingia kwenye gondola, kibanda kinachoning’inia kwenye waya na kukupandisha mlimani. Ni kama saa moja na robo kutoka Tokyo. Nauli ya kwenda tu inazidi yen 6,000. Kuna tiketi ya JR Tokyo Wide Pass ya siku tatu mfululizo inayofika hadi hapo, wakati huo yen 15,000 kwa mkubwa na nusu yake kwa mtoto, na wengi hawajui kwamba hata sisi tunaoishi hapa tunaruhusiwa kuinunua mradi pasipoti si ya Kijapani. Kwa mgeni aliyekuja peke yake, au wanandoa wasio na watoto, sina cha kuongeza: chukua hiyo. Siku ya pili nenda Nikko au Karuizawa, pesa yako imejilipa.

Lakini sisi tulikuwa wakubwa watatu na watoto wawili. Hiyo ni yen 60,000 kabla hujavaa hata glovu. Mume wangu akacheka, akaenda kuleta Noah yake kuukuu, ndugu wa damu wa zile zinazobeba abiria Arusha, akaifunga matairi ya theluji aliyoyapata kwa bei ya yadi. Nisisitize hapo: bila matairi ya theluji usithubutu. Kule si suala la ujuzi wa dereva. Ushuru wa barabara ya Kan-Etsu pamoja na mafuta, kwenda na kurudi, ulifika yen 14,000. Tulipita wikiendi ya kawaida, na mwenye kifaa cha ETC, kile cha garini kinacholipa ushuru bila kusimama, hukatiwa asilimia 30, ila sio siku za sikukuu kubwa. Yaani gari zima la watu watano limekwenda kwa bei ya tiketi moja ya treni.

Njiani ndipo bibi alipopata somo lake la kwanza. Upande wa mkoa wa Gunma, kabla ya kuvuka milima, jua linawaka, milima imekauka, yeye anaanza kututania kwamba tumemdanganya. Tukaingia kwenye handaki la Kan-Etsu, kilomita 11 za taa za njano. Tulipotokea, wiper zikaanza kufanya kazi na kuta za theluji zimelipita gari urefu. Upepo wa Siberia unazoa unyevu baharini, unagonga milima hiyo na kuumwaga wote upande mmoja. Tokyo inabakiwa na baridi kavu. Bibi alinyamaza kama dakika mbili. Kisha akauliza kwa nini barabara za mjini Yuzawa ni nyekundu kama udongo wa kwao. Ni kutu. Katikati ya lami wamepitisha mabomba yanayorusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke, na chuma kilichomo kwenye maji hayo kimeipaka barabara rangi miaka yote hii.

Siku ya kwanza tulikwenda kiwanja cha Nakazato, vituo viwili tu kwa treni ya kawaida kutoka stesheni ya Echigo-Yuzawa. Sifa yake kubwa kwangu ni mabehewa. Wamepanga chini ya mteremko mabehewa ya treni yaliyostaafu, ya bluu, ndani yana joto, na kupumzika humo ni bure. Mwenye mtoto mchanga au mzee asiyeteleza anaelewa thamani ya hilo: kwenye viwanja vingine mtu hukaa mkahawani, na mkahawani hukai bila kununua. Bibi alikaa dirishani na mtandio wake na blanketi la nyumbani, mbele yake chupa ya chai ya maziwa na chapati nilizopika usiku. Chai ilikuwa ya moto mno. Akafungua mlango, akachota theluji kwa vidole viwili, akaitia kikombeni, akakoroga. Watoto wa Kijapani wa kiti cha pili walimkodolea macho hadi mama yao akawagusa.

Kisha akatazama lifti muda mrefu.

“Hawa wanapandishwa juu ili washuke?”

“Ndiyo, mama,” mume wangu akajibu.

“Na wanalipa?”

“Wanalipa.”

“Sisi Lushoto tumeteremka bure miaka yote.”

Nikamwambia hata Wajapani walifundishwa na mgeni, mwanajeshi wa Austria aitwaye Theodor von Lerch, mwaka 1911 huko huko Niigata, mjini Takada, tena kwa fimbo moja badala ya mbili. Akasema angalau fimbo anaielewa.

Watoto tuliwaweka kwanza kwenye bustani ya theluji, kule kwenye mkanda unaotembea ambao mtoto anasimama na kupandishwa polepole bila lifti. Mdogo alipata somo la kikundi la saa mbili kwa yen 6,000, na hiyo nailipa tena hata kesho. Kumfundisha mtoto wako mwenyewe kuteleza ni kutafuta ugomvi wa ndoa. Mwalimu hakujua Kiswahili wala Kiingereza, lakini watoto wetu Kijapani ndicho cha shule. Mgeni asiye na lugha atafute mapema viwanja vyenye walimu wa Kiingereza, na ajue kwamba somo hilo litakuwa ghali zaidi.

Sasa malalamiko. Duka moja la kukodisha, nililoagizia vifaa wiki mbili kabla na kuandika saizi za kila mtu, lilikuwa halina kiatu cha mume wangu. Hapa viatu hupimwa kwa sentimita, yeye ni 30, na waliishia 29. Walimpa hiyo wakasema italegea. Kiatu cha skii hakilegei. Kinabana kama jiriwa. Alikaa nacho saa moja, kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, siku ikaisha kwake. Wenye miguu mikubwa pigeni simu, msiamini fomu. Nguo za watoto tulikuwa tumeshazinunua mitumba kwenye maduka ya Off House, suruali na koti yen 1,500 kwa kila mtoto, na hazikuwa na hata doa. Watoto wa huku hukua kama wa kwetu, kwa hiyo nguo za theluji zilizovaliwa mara tatu zimejaa madukani. Wanaojifunika kama mimi: mtandio mwembamba wa kunyoosha unaingia vizuri chini ya helmeti, ule wa kawaida unateleza.

Siku ya pili kiwanja cha Naeba, bila bibi, ambaye alichagua kulala. Viwanja vya kampuni ya hoteli ya Prince, Naeba ikiwemo, msimu huo havikutoza lifti kwa watoto wa shule ya msingi kwenda chini. Mkubwa alikuwa darasa la sita, mwaka wake wa mwisho wa kuteleza bure, na aliutumia vilivyo. Mume wangu, kwa viatu vipya vya kukodi, alimpandisha Dragondola, gondola ndefu kuliko zote Japani, karibu kilomita tano na nusu, inayoshuka bondeni na kupanda tena hadi kufika upande wa Kagura. Siku ya upepo haifanyi kazi, kwa hiyo msiwaahidi watoto.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni ya mzee na mkewe, yen 8,000 kwa mkubwa na 5,000 kwa mtoto kila usiku, na wali wa Koshihikari wa Uonuma asubuhi. Mchele huo unanata na kung’aa, na bibi, ambaye hasifii wali wa mtu, aliomba kuongezewa. Bafu la chemchemi ya moto la pamoja halikutufaa, kwani huko watu huoga uchi. Tulikodi chumba cha bafu cha familia kwa saa moja, na watoto wanakumbuka hiyo kuliko mteremko wenyewe.

Kutoka dirishani kwetu yalionekana maghorofa marefu yaliyojengwa enzi za neema, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakati kila Mjapani alitaka skii. Zama zile zilipita, na baadhi ya vyumba humo vimeuzwa hadi kwa yen 100,000, bei ya simu. Mume wangu macho yakamtoka. Nikamwambia amwulize mwenye nyumba wetu. Mzee akatikisa mkono: ada ya matunzo ya jengo inatozwa kila mwezi, uje usije. Ndipo nikaona hiyo ni pasi yetu ya msimu ile ile, sasa ina kuta na choo.

Daftari langu lilifunga kwenye yen 142,000, kama shilingi milioni 2.4 za kwetu wakati huo. Malazi 68,000, gari 14,000, kukodi vifaa na somo 24,000, chakula na bafu 8,000. Lifti zote, siku mbili, zilikuwa 28,000, moja ya tano tu. Pasi ya msimu ingenisaidia kwenye hiyo moja ya tano na kuniachia zile nne kila ninapotoka nyumbani. Anayestahili kuinunua ni mkazi wa Yuzawa au mji jirani wa Minamiuonuma, anayeteleza jioni baada ya kazi, au kijana anayelala garini. Na kijana wa miaka 19 hahitaji hata hiyo: tangu 2011 kuna mpango, sasa uko kwenye programu ya simu iitwayo Majibu (jina la Kijapani, si majibu ya maswali), unaowapa lifti za bure kwenye viwanja vingi.

Ndugu zetu walioko Marekani wao hesabu yao ni nyingine. Kama tayari una Epic Pass, pasi ya msimu ya huko inayokubaliwa viwanja vingi, ndani yake mna siku tano za Hakuba Valley mkoani Nagano, palipofanyika baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya baridi ya 1998, na pasi nyingine ya huko, Ikon, inakupa siku kadhaa za Niseko kule Hokkaido. Itumie hiyo, maana Niseko tiketi ya siku inazidi yen 9,000 na bakuli la tambi linakufanya uombe kiti.

Oktoba hii tangazo la pasi za bei ya kuwahi limeingia tena kwenye simu ya mume wangu, kiwanja kile kile. Alinionyesha bila kusema neno. Nikamwuliza kama ameshaangalia kina cha yale matairi ya Noah.