Shujaa Okonkwo: anwani iliyombebesha mtu mmoja mzigo wa ukoo

Ukikutana na nakala ya Shujaa Okonkwo kwenye vitabu vya mitumba hapa Kisumu, iwe Kibuye au kando ya barabara mjini, usianze na bei. Fungua nyuma. Riwaya ina sura 25, na ukurasa wa mwisho ndio ufunguo wa anwani. Karatasi za mwisho nazo ndizo huchomoka mapema gundi ya uti ikikauka. Nakala iliyokatikia sura ya 24 iache, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Hii ni tafsiri ya Clement Ndulute, iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1973, ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958). Ni kitabu cha kununua na kutunza. Anwani yake tu ndiyo inayotaka msomaji awe macho.

Achebe aliitoa anwani ya Kiingereza katika shairi la W. B. Yeats, "The Second Coming", lililoandikwa mwaka 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha. Kozi, ndege wa mawindo, anazunguka angani hadi hamsikii tena mwenye kumfuga, kitovu hakishikilii, mambo yanasambaratika. Uzito wa maneno hayo ni kwamba hayamtaji mvunjaji. Kiswahili kina kauli ya kazi hiyo hasa: vunjika, katika, sambaratika. "Mambo Yanasambaratika" ingetosha. Badala yake jalada linatupa jina la mtu na sifa yake kabla hatujasoma neno, nasi tunaingia tukimtafuta shujaa huku mwandishi akituonyesha ukoo mzima wa Umuofia, katika nchi ya Waigbo huko Nigeria, ukiachana.

Hapo ndipo majibu mengi ya swali la mtihani, "Jadili ufaafu wa anwani", huharibika. Mwanafunzi anaorodhesha ushujaa wa Okonkwo: alimbwaga Amalinze katika mieleka, alijaza ghala viazi vikuu, alipigana vita. Halafu anakwama, kwa kuwa sura ya 7 inamkana. Mzee Ezeudu alikuwa amemwonya Okonkwo asitie mkono katika kifo cha Ikemefuna, kijana aliyelelewa nyumbani kwake na anayemwita baba, naye akamkata kwa panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Huo ni woga, na Achebe anausema waziwazi. Neno "shujaa" lisomwe kama swali ambalo kila sura inalijibu upya.

Kosa la pili ni kuwatupia wazungu kila kitu. Wamisheni hawafiki Umuofia hadi sehemu ya pili, sura ya 14 hadi 19, Okonkwo akiwa uhamishoni Mbanta, kijiji cha ukoo wa mama yake, kwa miaka saba. Ufa ulishaingia. Katika sura hiyohiyo ya 7, Nwoye, mwana wa Okonkwo, anapotambua kwamba Ikemefuna ameuawa, kitu kinakatika ndani yake kama uta uliokazwa mno. Hapo, ndani ya nyumba ya Okonkwo mwenyewe, ndipo kusambaratika kunapoanza. Baadaye kanisa linawaokota waliokwisha kuachwa: Nwoye, watu waliotengwa, mama aliyetupiwa mapacha wake msituni.

Kwa hiyo weka alama sehemu tatu. Sura ya 7, kwa Nwoye. Sura ya 20, Obierika, rafiki wa Okonkwo, anapomweleza kwamba mzungu amevitia kisu vile vilivyowashikilia pamoja, nao wamesambaratika. Hapa anwani ya Kiingereza inatamkwa karibu neno kwa neno, na msomaji wa Kiswahili ataipita bila kujua asipoonywa. Kisha sura ya 25.

Sura hii ya mwisho ndiyo inayoitetea anwani ya Ndulute kuliko nyingine yoyote. Okonkwo amejinyonga. Watu wa ukoo wake hawaruhusiwi kumgusa, jambo ambalo msomaji wa huku kwetu hahitaji kufafanuliwa sana, na Obierika anamlilia kama mmoja wa watu wakubwa kabisa wa Umuofia. Mkuu wa Wilaya wa kikoloni anaondoka akiwaza kitabu chake, ambacho amekwisha kukipa anwani kuhusu kutuliza makabila "ya kishenzi" ya Niger ya chini. Anafikiria kumpa marehemu sura nzima, kisha anaona aya moja itatosha. Jalada la Kiswahili linamkatalia papo hapo: mtu aliyepimiwa aya moja, jina lake limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Kwa sababu hiyo siwezi kuiita anwani mbovu. Inamrudishia Okonkwo heshima, lakini inauficha ukoo.

Mwalimu anayeifundisha aandike anwani zote mbili ubaoni siku ya kwanza, aziache hadi sura ya 25. Na ukibahatika kuipata Hamkani si Shwari Tena, tafsiri ya riwaya ya pili ya Achebe ya mwaka 1960, ichukue pamoja na hii. Anwani yake haimtaji mtu yeyote, na neno "shwari", la bahari iliyotulia, linaubeba msukosuko wote wa mjukuu wa Okonkwo.