Walisema kosa ni la mbao: uzoefu wangu na mafundi wa rangi Mombasa

Nilikuwa nimekusudia kuisifu kampuni hii, na huenda kabla sijamaliza nikaisifu, lakini kwanza nitaeleza maneno niliyoambiwa na msimamizi wao ndani ya nyumba yangu, hapa Mji wa Kale, mbele ya mlango ambao marehemu babu yangu aliutunza maisha yake yote.

Kuta za sebule nitazipitia upesi, kwa kuwa sina la kulalamika. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, na fundi kijana waliyemleta alikataa katakata kuipaka rangi ya plastiki. Alinieleza kwa adabu kwamba kuta za namna hii hupumua, na zikizibwa, unyevu hubaki ndani na kuisukuma rangi pamoja na chumvi mpaka ibambuke. Akapaka chokaa, safu nyembamba juu ya safu nyembamba, huku akiulowanisha ukuta kabla ya kila safu. Ni kazi ya fundi hasa.

Shida ni mlango. Ni wa msaji, una nakshi ya maua kuanzia kizingiti cha juu hadi mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na yule kijana aliuondolea vanishi ya zamani kwa mkono, msasa ukifuata nyuzi za mbao, kwa subira ambayo sijaiona kwa mafundi wengi. Kisha akaja msimamizi. Masika yalikuwa yamekolea, mvua ikinyesha tangu alfajiri, hata nguo zilizoanikwa ndani zilikuwa hazikauki, naye akaamuru laka, ile rangi angavu ya kung'arisha mbao, ipulizwe siku ile ile, kwa sababu mashine ilikuwa inangojewa Nyali. Kijana alithubutu kusema, "Bosi, tungengojea jua," akanyamazishwa. Haikufika alasiri, mlango mzima ukawa na utando mweupe, mfano wa kioo kilichopuliziwa pumzi.

Mtu yeyote anayefanya kazi hiyo katika mji wa pwani anapaswa kujua sababu yake. Thina, yaani kiyeyusho kinachochanganywa na laka, huruka haraka na kuupoza uso wa mbao, na hewa ikiwa imejaa unyevu, maji hutua juu ya laka ambayo bado ni mbichi yakanaswa humo. Nilipomwita msimamizi aone, hakutoa salamu wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema, "Mama, mbao kuukuu ndivyo zilivyo. Ukitaka mlango wa kung'aa, nunua mpya."

Ninunue mpya! Mlango huo umepigwa na upepo wa kusi na wa kaskazi tangu kabla ya mimi kuzaliwa na haukuwahi kuota utando, ila siku hiyo moja mashine yake ilipokuwa na haraka. Laiti angeniomba radhi, ningemtilia chai na mambo yangekwisha hapo.

Jua lilipotoka, kijana alirudi peke yake, baada ya sala ya adhuhuri, na thina ya aina inayokauka polepole. Akaipulizia juu juu tu, kiasi cha kuilainisha tena laka ili unyevu upate njia ya kutoka. Weupe ukayeyuka nikitazama, maua ya nakshi yakajitokeza yote, na ule wekundu wa msaji ukarudi. Kumbe mbao haikuwa na kosa lolote. Nilifurahi mno hata nikaanza kuwaambia majirani wa Kibokoni kwamba wakitaka kupaka nyumba zao waite kampuni hii, na nilikuwa nikisema kweli.

Kisha ikaletwa hesabu ya mwisho. Ndani yake wameandika malipo ya ziada ya "marekebisho ya mbao chakavu". Yaani utando walioutia wenyewe, na ambao fundi wao aliuondoa kwa aibu ya kazi yake, wanataka niununue! Kwa hiyo pendekezo langu kwa majirani nalifuta, isipokuwa mtu akimpata yule kijana bila msimamizi wake, jambo ambalo kampuni hailiruhusu, kwani nimeuliza. Fedha za kuta na za mlango nimelipa kama tulivyopatana, na kijana nimempa chake mkononi. Hizo za mbao chakavu sizilipi, na msimamizi akitaka kuzidai, aje mwenyewe auangalie mlango.