TAHADHARI KIGOMA: "Dhahabu" inayozungushwa kwenye vikoba ni shaba iliyochovywa

Wanawake wa Mwanga, Ujiji, Gungu, Katubuka, na nyie mnaoshuka na treni kuja kununua vitu vya harusi huku kwetu, shikeni pochi zenu. Kuna dada anapita kwenye vikoba na kwenye shughuli na kimkoba cheusi cha zipu, ndani ana mzani mdogo wa kuenea kiganjani na vidude vinavyong'aa hasa. Jina siandiki, wanangu wamenikataza mpaka polisi wamalize yao. Ila sauti yake ya upole, na kila sentensi anaanza na "wallahi mama yangu". Mkimsikia mtamjua.

Mimi kaniliza 2,050,000. Ilikuwa hela ya mgao wa kikoba na ya madumu ya mawese niliyoyabania ndani mpaka bei ikapanda. Nilikuwa namtafutia mkamwana wangu bangili, maana upande wa pili nao mnawajua walivyo, ukienda mikono mitupu utaimbwa.

Dada huyo alikuja nyumbani baada ya Alasiri. Shangazi yupo barazani, mashoga zangu wapo, kwa hiyo mtu asije akaniambia nilikuwa peke yangu nikarogwa. Akavua viatu, akasalimia wakubwa kwa shikamoo, akaomba maji. Kisha akafungua kimkoba taratibu, akatoa kitambaa cha hariri, akakikunjua pindo kwa pindo, bangili ile hapo. Nzito, pana, nakshi ya maua, rangi imeelekea wekundu. Shangazi akauliza mbona nyekundu? Dada akacheka: "Mama, hii ndiyo mbichi, imevuka ziwa kutoka Kongo, haijachanganywa. Zile za njano za madukani ndizo zimetiwa mchanganyiko." Tukaitikia. Kongo dhahabu ipo, nani hajui, na ziwa tunaliona kutoka hapa.

Akatoa sumaku, ile kubwa ya spika ya redio mbovu. Akaisogeza kwenye bangili, haikushika. Akaisogeza kwenye kijiko changu cha chai, kikadakwa paa! Wote tukasema aaah. Akawasha kiberiti, akapitisha moto chini ya bangili, akafuta kwa kanga, ikabaki inawaka vilevile. Akaiweka kwenye mzani: gramu 12. Gramu moja 150,000, jumla 1,800,000. Kwa sonara mjini nilishauliza, bei ilikuwa juu ya hapo mara dufu. Nikamwuliza mbona wewe rahisi? Akasema yeye halipi kodi ya fremu, hana fundi, mzigo unatoka kwa mtu wake moja kwa moja. Sasa hiyo si ndiyo biashara ya Kigoma siku zote? Dagaa, vitenge, mawese, vyote tunanunua kwa mtu wa mtu ili tukwepe bei ya duka.

Kwa ndani ilikuwa na chapa, 22K, yaani karati 22, kipimo cha usafi wa dhahabu, na mbele yake herufi mbili ndogo mno, G na P. Macho yangu bila miwani hayafiki huko. Mmoja wa mashoga zangu aliziona, akauliza. Jibu likaja bila kupepesa: "Hiyo ni alama ya kiwanda, kila kiwanda kina yake."

Halafu, nilipokuwa nimeshalegea, akatoa pete. Nyeupe, inameta, akasema ni dhahabu nyeupe ambayo siku hizi mabibi harusi wa Dar ndiyo wanaitaka. Imechapwa 925. Akaniambia, namnukuu neno kwa neno: "Mama yangu, 22 ni 916, tafuta popote utaambiwa. Hii ni 925. Ipi kubwa?" Mwanangu aliyemaliza kidato cha 4 akatafuta kwenye simu palepale, kweli 22 ni 916. Nikatoa 250,000 nyingine. Nilimlipa kwa simu, ujumbe wa muamala ninao, na kanikatia karatasi kwa mkono imeandikwa "bangili 1, pete 1", hakuna karati, hakuna chochote.

Na kumwamini nilikuwa na sababu. Si mgeni, kakulia Ujiji, bibi yake alizikwa na sisi. Aliwahi kuuza hereni kwa mke wa mwenyekiti wa mtaa na zile zilikuwa nzima (sasa nashangaa kama naye zake amezipima). Akaapa huku adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Mtu wa namna hiyo unamdai cheti cha nini?

Bangili nikamvisha mkamwana mbele ya wanawake wa pande zote mbili, vigelegele mpaka njiani. Wiki hazikupita nyingi. Siku moja akaja mtoto kutoka kwa wakwe na kifurushi kidogo cha leso. Ndani bangili na pete. Hakuna barua, hakuna salamu. Bangili upande wa ndani imebabuka, pale ngozi inapogusa jasho, na shaba imetoka nje. Baadaye nikaambiwa binti alikuwa anavaa mikono mirefu kuficha duara la kijani kwenye kiwiko cha mkono, hakutaka kunitia aibu. Mama yake ndiye aliyeona. Jamani, mimi mtu mzima, nimezika mume, nimesomesha, leo natumiwa kifurushi na mtoto wa miaka 10!

Nikaenda kwa sonara, yule mzee ambaye ningekwenda kwake tangu mwanzo ingekuwa bei ndogo. Hakunicheka. Akaweka kikombe cha plastiki cha maji juu ya mzani, akaurudisha kwenye sifuri, akaining'iniza bangili kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mzani ukasoma gramu 1.4. Akasema dhahabu ya karati 22 yenye uzito wa gramu 12 ingesoma kama 0.7 tu, kwa sababu dhahabu ni nzito na inachukua nafasi ndogo. Ikisoma mara mbili ya hapo hiyo ni shaba. Hata hivyo akakwangua kidogo kwa tupa upande wa ndani, akadondosha tone la asidi. Likachemka, povu la kijani. Dhahabu ya 22 ingekaa kimya. Zile herufi mbili, GP, akazisoma kwa lenzi: maana yake ni kitu kilichochovywa dhahabu juu. Kwa hiyo hata kiwanda hakikunidanganya, kimeandika ukweli wake pale ndani. Aliyenidanganya ni yule mshenzi.

Pete nayo: 925 ni chapa ya madini ya fedha, sehemu 925 za fedha katika 1,000. Ni fedha halali, ila si dhahabu hata chembe. 916 ni sehemu 916 za dhahabu katika 1,000. Kulinganisha 925 na 916 ni kulinganisha kilo za dagaa na kilo za nyama. Nilipomwambia mzee jinsi yule dada alivyoniuliza "ipi kubwa", akatikisa kichwa akasema huyo kasomea.

Sasa mengine aliyonieleza nayaandika harakaharaka, mtaulizia wenyewe kwa masonara wenu. Dhahabu tupu ni karati 24, njano iliyokolea, laini. 22 ndiyo 916, 18 ni 750, 14 ni 585, 9 ni 375. Wekundu unaletwa na shaba, basi. Dhahabu nyekundu ya kweli ipo, nyingi ni za 18, robo tatu dhahabu na iliyobaki karibu yote shaba, kwa hiyo anayekwambia nyekundu ndiyo haijachanganywa mfukuze. Nyeupe hali kadhalika: haichimbwi nyeupe, inachanganywa na paladiamu au nikeli, mara nyingi ikapakwa rodiamu juu ing'ae, na chapa yake ni zilezile 750 au 585. Karati 24 nyeupe haipo duniani. Sumaku haishiki dhahabu, lakini haishiki shaba wala fedha pia, kwa hiyo ule mchezo wa kijiko ulikuwa wa kutufurahisha tu. Kiberiti vilevile. Chapa nayo mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuigonga, hivyo 916 peke yake isiwatoe hela. Risiti ya mashine, iandikwe karati na gramu. Mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Muuzaji akikataa kwenda nanyi kwa sonara kupima kabla ya kulipa, imekwisha hiyo.

Yule dada nilimpigia. Mara ya kwanza akasema "mama yangu labda mmeivaa na sabuni". Sabuni! Baadaye simu haipatikani. Nimeambiwa ameonekana Kibirizi, wengine wanasema yuko Uvinza anauzia watu wa chumvi. Mungu amlipe hapahapa duniani nikiwa naona. Afungwe, na kabla ya kufungwa apitishwe soko la Mwanga na bangili zake zote shingoni. Kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, ni mpaka miaka 7. Kwangu mimi hata 7 ni kidogo, lakini tuanze na hiyo.

Jumatatu asubuhi naenda kituoni na mzee wa sonara amekubali kuja kueleza alichokiona. Najua si mimi peke yangu, kuna wawili wameshaniandikia pembeni wanaona haya kusema. Acheni haya. Njooni na vitu vyenu, na karatasi zake za mkono, na ujumbe wa miamala msiufute. Na yule wa Gungu anayempa hifadhi, tunakujua, mwambie hela yangu ataitapika.