Kituo cha Vilivyopotea cha Polisi wa Tokyo: simu utaipata, mwavuli usahau

Ukipoteza pochi Tokyo, polisi utakaowahitaji si wapelelezi, ni wahasibu. Idara ya Polisi ya Tokyo, ambayo Wajapani huiita Keishicho, ina askari zaidi ya 40,000 na makao makuu yake yako Kasumigaseki, jirani na kasri la Mfalme. Ina kurugenzi za upelelezi, usalama barabarani, ulinzi wa viongozi na nyinginezo, lakini vitu vilivyookotwa haviko kwa yeyote kati ya hao. Viko chini ya kurugenzi ya utawala, kitengo cha uhasibu. Kila kituo cha polisi, na viko 102, kina dawati la uhasibu linalovipokea, na visivyodaiwa upesi hupelekwa kwenye ghala kuu lililo karibu na stesheni ya Iidabashi, wilaya ya Bunkyo. Kitu chako kinashikwa na mtu ambaye kazi yake ni daftari likubaliane na rafu.

Sifa za huduma hii zimeenea dunia nzima, na kwa kawaida huelekezwa kwenye uaminifu wa Wajapani. Uaminifu upo. Lakini ukiitazama huduma yenyewe hatua kwa hatua, unaona kwamba kinachoibeba ni sheria iliyompa kila anayegusa kitu kile karatasi, muda na fungu lake. Waswahili wameshasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tokyo mali hupotea ikiwa na daftari.

Takwimu za mwaka 2018 zinaonyesha pia mahali huduma inapofika kikomo. Vitu takriban milioni 4.1 vilifikishwa polisi jijini mwaka ule. Vitambulisho kama 545,000 vilirudi kwa wenyewe, asilimia 73. Simu 130,000 hivi zilirudi, asilimia 83. Pochi 240,000, asilimia 65. Halafu miavuli: ilifikishwa zaidi ya 300,000, na iliyorudi kwa wenyewe ni kama asilimia moja tu. Wahasibu ni wale wale na rafu ni zile zile, na sababu ya tofauti hiyo tutaifikia.

Kazi huanzia koban, kibanda cha polisi cha mtaani, ambavyo jiji linavyo zaidi ya 800. Mtu akileta pochi, askari huifungua mbele yake na kuhesabu: noti ngapi za yen 10,000, ngapi za 1,000, sarafu zipi, kadi za nani, risiti za duka gani. Kila kimoja kinaandikwa. Kisha mwokotaji anaulizwa mambo matatu. Je, unataka kudai kiokosi, yaani malipo ya aliyeokota? Mwenyewe asipotokea, unataka kitu kiwe chako? Unakubali mwenye mali apewe jina na mawasiliano yako? Majibu yanaingia kwenye fomu, na mwokotaji anaondoka na stakabadhi yenye namba. Wengi hujibu hapana kwa yote matatu na kwenda zao, lakini kuulizwa kwenyewe ndiko kunakomwonyesha mtu kwamba polisi si shimo la kutumbukizia vitu.

Sheria inayotumika leo ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kazi Desemba 2007, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1899. Mabadiliko makubwa yalikuwa ya muda: zamani kitu kilihifadhiwa miezi 6, sasa ni miezi 3. Aliyeokota barabarani ana siku 7 za kukifikisha polisi. Aliyeokota ndani ya duka, treni au jengo ana saa 24 za kumkabidhi mhusika wa mahali hapo. Akichelewa, hapati kiokosi wala umiliki. Kiokosi chenyewe ni kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani ya kitu. Kwa pochi yenye yen 30,000, hiyo ni yen 1,500 hadi 6,000. Ikiwa imeokotwa dukani au stesheni, fungu linagawanywa nusu kwa nusu: mwokotaji asilimia 2.5 hadi 10, na wenye mahali kiasi hicho hicho. Polisi hawapangi bei wala hawapokei fedha hizo. Wanakupa mawasiliano ya mwokotaji, mnamalizana wenyewe, naye ana mwezi mmoja tangu kitu kirudishwe kudai haki yake. Wageni wengi hushtuka wakiambiwa wanadaiwa. Ni deni halali, si takrima.

Miezi 3 ikipita bila mwenyewe, mwokotaji anakuwa mmiliki na ana miezi 2 ya kwenda kukichukua. Asipokwenda, kinakuwa mali ya Serikali ya Jiji la Tokyo. Fedha taslimu huingia hazina ya jiji. Vitu huuzwa kwa wafanyabiashara, nao huvitandaza kwenye masoko ya bei rahisi. Simu, vitambulisho, kadi za benki na chochote kinachobeba taarifa za mtu havipewi mwokotaji hata akisubiri mwaka. Kwa hiyo pochi isiyodaiwa inagawanyika: ngozi na noti kwake, kadi zinateketezwa.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Aprili 1980, dereva wa lori alipookota kando ya barabara huko Ginza furushi lenye yen milioni 100. Muda wa wakati ule, miezi 6, ukapita, hakutokea mwenyewe, zikawa zake, na mamlaka ya kodi ikachukua fungu lake. Hadi leo kiokosi na mali ya kuokota huhesabiwa kama kipato cha bahati, chenye msamaha wa yen 500,000 za kwanza.

Tuje upande wa aliyepoteza, maana hapa ndipo watu hukosea. Hatua ya kwanza ni kutoa ripoti ya upotevu, koban yoyote, kituo chochote, au kwa mtandao. Utapewa namba ya kupokelewa. Kwetu ripoti ya upotevu hutafutwa ili upate laini mpya au kitambulisho kipya, na ikishapigwa muhuri hakuna anayefikiri kitu chenyewe kitaonekana. Huko namba ile ndiyo inayolinganishwa na orodha ya vilivyookotwa, kwa hiyo maelezo unayoandika yana uzito. Kosa la kwanza liko hapo: “begi jeusi” ni sawa na kutoandika kitu. Andika chapa, upana kwa sentimita, zipu iliyokatika, kilichomo mfuko wa ndani, saa uliposhuka na behewa la ngapi. Kwa fedha, taja jumla na aina za noti: kaunta haitakukabidhi bahasha kwa sababu tu umeotea kwamba ni “kama elfu arobaini”. Andika ripoti ya kupotea kama kimepotea. Kama umeibiwa, hiyo ni fomu nyingine na inakwenda kwa wapelelezi. Anayechanganya mawili haya hujikuta na namba isiyokubaliwa na bima.

Kosa la pili ni kwenda polisi mapema mno. Kilichosahauliwa kwenye treni hakiendi polisi siku ile. Tokyo Metro, kwa mfano, hukiweka kwanza stesheni, kisha kwenye ofisi yake yenyewe ya vilivyosahauliwa, nayo pia iko Iidabashi, ndipo baada ya siku chache kivuke kwenda polisi. Ofisi mbili, mtaa mmoja, kaunta tofauti: watu huingia isiyo yao na kutoka wakiamini kitu kimeibwa. Maduka makubwa na kampuni za reli zilizoidhinishwa zina ruhusa ya kukaa na vitu kwenye ghala zao muda wote wa miezi 3, mradi zimewaarifu polisi. Kitu kinaweza kuwa kwenye orodha ya polisi huku chenyewe kiko ghorofa ya chini ya duka ulikokisahau. Kabla ya kupanda treni, uliza kipo wapi kwa mwili, si kwa karatasi.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, nalo linatokana na muundo wa polisi wenyewe. Japani haina jeshi moja la polisi la mtaani. Kila mkoa una lake, na Keishicho ni la Tokyo tu, chini ya Tume ya Usalama wa Umma ya Tokyo. Treni hazijali mipaka hiyo. Ukishuka treni ya njia ya Fukutoshin pale Shibuya na kusahau mkoba kwenye kishubaka, treni ile ile inaweza kuendelea kwa njia ya Toyoko hadi Yokohama. Anayefagia behewa huko anaukabidhi huko, na mkoba wako unaangukia mikononi mwa polisi wa mkoa wa Kanagawa. Njia ya Tozai nayo inaishia Nishi-Funabashi, ambako ni Chiba. Mtu anazunguka Iidabashi wiki nzima, mkoba umetulia mkoa wa jirani. Dawa yake ni kuangalia treni yako ilikuwa inaelekea stesheni gani ya mwisho, ndipo utafute kwenye tovuti ya polisi wa mkoa huo pia.

Simu zina bahati kwa sababu zina mtu wa kuulizwa. Polisi huwasiliana na kampuni ya simu, na kampuni humwandikia mteja wake. Simu ya msafiri yenye laini ya Safaricom au Vodacom haina kampuni ya pale inayoweza kumwandikia mwenyewe, kwa hiyo inasubiri udai kwa namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe. Iandike namba hiyo mahali nje ya simu. Baiskeli nazo zina namba ya usajili, lakini angalia: iliyotoweka mbele ya stesheni mara nyingi haikupotea wala kuibwa, imebebwa na manispaa kwa kuegeshwa pasipostahili, na polisi hawaigusi. Utalipa ada kwenye yadi ya manispaa.

Mwavuli hauna laini, hauna jina, na aina inayopotea zaidi ni ule wa plastiki angavu unaouzwa mlangoni mwa kila duka dogo kwa mamia machache ya yen. Polisi wanautunza kwa heshima ile ile: unafungwa kibandiko chenye tarehe na mahali ulikookotwa, unatundikwa kwenye safu na wenzake. Lakini sheria inaruhusu vitu vya bei ndogo vinavyokuja kwa wingi, miavuli, nguo na baiskeli, viuzwe au kuteketezwa wiki 2 baada ya kutangazwa. Na hata ndani ya wiki hizo, mwenyewe anapiga hesabu: nauli kwenda na kurudi, nusu siku ya kazi, halafu asimame mbele ya miavuli mia inayofanana akijaribu kukumbuka wake ulikuwa na mpini wa rangi gani. Karibu hakuna anayekwenda. Hapa huduma inatumia nguvu nyingi kwa matokeo haba, na wasimamizi wake hawana la kufanya, kwa kuwa sheria haiwaruhusu kukataa kitu kwa sababu ni rahisi.

Kaunta ya Iidabashi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi hadi 11:15 jioni kwa saa zetu. Wikendi, sikukuu na mwisho wa mwaka imefungwa, na kwa mji wenye watalii wengi kiasi kile hili ni pungufu la kweli: aliyepoteza Ijumaa usiku na ana ndege Jumapili hana pa kwenda. Beba kitambulisho na namba ya ripoti. Huduma ni bure. Anayeishi Japani anaweza kuomba kitu kitumwe nyumbani kwa gharama yake. Kutumiwa nje ya nchi usikutegemee. Njia ya uhakika ni kumpa mtu aliyeko Tokyo barua ya uwakilishi iliyosainiwa, naye aende na kitambulisho chake. Mazungumzo ni Kijapani kwanza, hivyo andikiwa maelezo ya kitu kabla hujafika kaunta.

Kwa wanafunzi na wafanyakazi wetu walioko huko, kadi ya ukaazi ndiyo ya kukimbilia. Ikipotea una siku 14 tangu ugundue kuomba nyingine Uhamiaji, na watataka uthibitisho kwamba uliripoti polisi. Usisubiri miezi 3 ya matumaini.

Na kama pochi imeondoka na nauli yote usiku, koban ina huduma ambayo haitangazwi sana: askari anaweza kukukopesha hadi yen 1,000 ufike nyumbani. Unajaza fomu, jina, anwani na kiasi. Unatakiwa kuzirudisha.