Darasa la uigizaji la Jumamosi, Mwanga, Kigoma: wiki nane kwa shilingi 40,000

Nyota nne kati ya tano. Anayetaka kufundishwa kulia machozi haraka na kupindua meza hatalipata hilo hapa. Linalofundishwa ni pumzi, kutazama watu, na kusema kwa sauti yako mwenyewe. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote kwa mwigizaji wa Kigoma.

Sababu inajulikana. Kwenye vichekesho vyetu Muha akitokea huwa mlinzi, kuli au mfanyakazi wa ndani, na lafudhi yake ndiyo kichekesho chenyewe. Jambo hili lina mzizi: enzi za ukoloni Waha wengi walikwenda kukata mkonge kama manamba, na kazi ile ikaganda kwenye jina la kabila. Ndiyo maana vijana hufika darasani wameshajificha nyuma ya Kiswahili cha Dar cha kuigiza, au kile cha kubana pua cha filamu iliyoingizwa sauti.

Mwalimu anaanzia hapo hapo. Kila mmoja hupewa aya ya Shylock, mkopeshaji fedha Myahudi katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, aisome mara tatu: kwa lafudhi ya nyumbani, kwa lafudhi ya mtangazaji wa redio, kisha ya nyumbani tena lakini polepole. Ile ya tatu ndiyo inayobaki. Kiha kina toni, na mzungumzaji wake akiruhusu kupanda na kushuka kule kuingie kwenye Kiswahili, sentensi ndefu inapumua. Akibana kupanda na kushuka huko, sentensi inanyooka kama tangazo la msiba. Kinachompotezea msikilizaji maana ni haraka, hasa silabi ya mwisho inapomezwa. Lafudhi haina kosa.

Andiko lenyewe limechaguliwa kwa akili. Shylock anachukiwa kwa asili yake, na mmoja wa waliowahi kumwigiza ni Ira Aldridge, mtu mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka kwenda Uingereza kwa kuwa kwao jukwaa lilimfungia mlango. Othello, mhusika mweusi wa Shakespeare, alimwigiza kwa ngozi yake, Shylock kwa kujipaka rangi nyeupe. Halafu linakuja la Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi wa Marekani aliyepewa tuzo ya filamu ya Oscar mwaka 1940 kwa nafasi ya mtumishi, huku ameketishwa meza ya pembeni mbali na wenzake. Swali linalofuata ni la kazi: utamwigizaje mtumishi bila kumdhalilisha? Jibu la darasa: mpe anachokitaka katika kila tukio. Mlinzi anayehesabu dakika za zamu kwa sababu ameacha mtoto ana homa nyumbani hawezi kuwa wa kuchekwa tu, hata akisema maneno yale yale.

Zoezi bora kuliko yote ni la mwalo wa Kibirizi. Unakwenda asubuhi dagaa zinaposhushwa, unamchagua mtu mmoja, unamtazama nusu saa. Uzito wake uko mguu upi? Mikono inafanya nini mteja akishusha bei? Mama muuza dagaa akikataa bei, mara nyingi hasemi neno: anaendelea kuchambua dagaa, na kiganja kinarudi kwenye kopo kulifunika. Wanaoigiza kelele za soko hukosa kiganja kile, na mhusika anageuka katuni.

Pumzi hufundishwa haraka na vizuri: lala chali, kitabu tumboni, vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa “sss” hadi 20, wiki ya nne ufike 30. Mabega yakipanda, unavutia kifuani, na sauti itakauka siku ya tatu ya mazoezi.

Somo la kujirekodi kwa simu peke yake linafidia ada. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inapima ule weupe na uso mweusi unazama. Geukia dirisha upande, tundika nyuma kitenge cha rangi iliyokoza, gusa uso kwenye kioo na ushikilie mpaka mwanga ufungwe, kisha ongeza mwangaza kidogo. Upande wenye kivuli weka shuka jeupe umbali wa kama mita 1. Zima filta ya kurembesha, maana nyingi hung'arisha ngozi bila kuuliza. Tone la mafuta kwenye mashavu huipa ngozi yetu uhai.

Nyota moja imepotea wiki ya nane, siku ya picha. Mpambaji aliyeletwa ana poda za rangi mbili tu, zote nyepesi, na kila uso unatoka na rangi ya majivu huku shingo ikibaki yake. Poda yenye madini meupe ndivyo inavyofanya mwanga ukiipiga. Baada ya wiki saba za kuambiwa usijifiche, hili linauma, na kwa kijana aliyekwisha kushawishika na mkorogo ni hatari. Uongozi ubadilishe. Kwa sasa nenda na poda yako, uliyoijaribu kwenye taya mbele ya dirisha na si kwenye kiganja, na useme mapema kwamba utaitumia hiyo.

Wanafunzi pia ni wengi, zaidi ya 20 chumba kimoja. Fika kabla ya saa tatu, kaa upande wa mbali na barabara. Pikipiki za upande wa pili humeza nusu ya maelezo.