Lee Loader ya .30-30: seti ya nyundo kwa bunduki kuukuu za wenzo

Lee Loader ni seti ya kujazia upya maganda ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa, nayo inaingia mfukoni mwa koti. Haitaki umeme wala mashine ya kufungwa mezani, na kazi yake yote ni kugonga kwa nyundo. Inatoa risasi nzuri za .30-30 Winchester kwa mtu mwenye bunduki moja, anayetunza maganda yake yasichanganyike na ya mwingine. Mwenye Winchester 1894 mbili (bunduki za wenzo, yaani zinazopakia risasi kwa kuvuta wenzo wa mkono) kwenye kabati moja, au anayeokota maganda ya watu uwanjani, aiache.

Kabla ya lolote, Uganda silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970. Kibali cha kumiliki bunduki usikichukulie kuwa ni ruhusa ya kutengeneza risasi. Pata jibu la polisi kwa maandishi kwanza, ndipo uagize. Baruti na fataki (kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti kikigongwa) zikikamatwa uwanja wa ndege wa Entebbe bila karatasi, maelezo ya mdomo hayatakuokoa.

Ndani ya sanduku kuna silinda ya chuma ambayo ndiyo roho ya kazi, kitako cha kutolea fataki na sindano yake, kipande cha kupachikia fataki mpya pamoja na fimbo, kisukumio cha kichwa cha risasi chenye nati ya kurekebisha kina, kijiko cha kupimia baruti na jedwali la vipimo. Nyundo ni yako. Iwe ya mti au plastiki ngumu; mafundi wa Katwe, Kampala, watakuchongea ya mti mzuri. Nyundo ya chuma itaharibu vichwa vya sindano na fimbo mapema sana.

Seti hii inabana shingo ya ganda peke yake, mwili inauacha ulivyo. Wengi huuhesabu huu kuwa upungufu. Kwa bunduki za zamani zenye ukingo kitakoni, ni nusu ya sababu ya kuinunua. Risasi ya .30-30 hushikiliwa chembani (chumba cha mtutu inamokaa risasi) na ukingo huo, si bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingo, kwa hiyo chemba nyingi zina nafasi ya ziada mbele ya bega. Ukifyatua, bega linasogea mbele kujaza nafasi ile. Vifaa vya kubana ganda zima hulirudisha nyuma, risasi inayofuata hulisogeza mbele tena, na shaba ya kurefukia inatoka mahali pamoja, juu kidogo ya kitako. Bunduki ya 1894 inaongeza tatizo kwa sababu bolti yake, chuma kinachoziba chemba, inafungwa kwa nyuma, hivyo chuma chenyewe kinanyumbuka kidogo kwenye shinikizo. Mwisho wake ganda linakatika, kitako kinatoka na mwili unabaki chembani. Waliozoea bunduki za Kiingereza za .303 wanaujua ugonjwa huu vizuri. Ukibana shingo tu, bega linabaki pale lilipojengwa na chemba yako, na ganda linaishi muda mrefu zaidi.

Gharama yake ni hii: wenzo hauna nguvu ya kusukuma risasi ngumu kama bolti ya kuzungusha. Baada ya mizunguko kadhaa mwili wa ganda unanenepa mpaka wenzo unagoma nusu ya njia. Usiulazimishe. Maganda hayo yanahitaji kubanwa mwili mzima mara moja kwa mashine ya kawaida, yakiwa matupu, kisha yanarudi kwenye seti. Kwa hiyo mjue mtu mwenye mashine hiyo kabla hujaihitaji.

Kazi yenyewe: toa fataki iliyotumika, gonga ganda ndani ya silinda mpaka kitako kilingane na ukingo wa silinda, litoe kwa fimbo, kisha lisukume juu ya fataki mpya. Fataki ni ile kubwa ya raifo. Hapo kwenye fataki ndipo seti inapostahili lawama. Unagonga kitu kilichotengenezwa kulipuka kikigongwa, na ukizidisha nguvu au fataki ikikaa upande, italipuka. Ganda bado ni tupu, kwa hiyo kinachotoka ni mlio na moto mdogo, lakini jicho halina spea: miwani ya kinga kila mara, fataki moja tu mezani, mkebe wa baruti chumba kingine. Gonga kidogokidogo mpaka sauti ibadilike na kuwa nzito. Pitisha kidole: fataki iwe sawa na kitako au chini yake kwa unywele. Iliyochomoza ni hatari ndani ya magazini ya bomba, ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine na pua ya risasi ya nyuma inaikandamiza. Chombo cha mkono cha kupachikia fataki kinauzwa kando, na pesa yake ni halali.

Kijiko cha baruti kinapima ujazo, si uzito, na jedwali linataja aina chache tu za baruti. Baruti isiyotajwa humo haipimwi kwa kijiko hicho, hata ikifanana kwa rangi na chembe. Zamisha kijiko, kijae chenyewe, futa juu kwa kadi bila kushindilia. Kisha thibitisha kwa mizani dhidi ya kitabu cha mtengenezaji wa baruti. Greni moja, kipimo cha uzito cha baruti na vichwa, ni gramu 0.065, hivyo mizani ya jikoni haifai kabisa. Ya sonara inayosoma gramu 0.01 inakupa hatua ya takriban greni 0.15, nayo inatosha kukagua kijiko, mradi uipime kwanza kwa jiwe la uzito unaojulikana. Maganda yote yasimame kwenye ubao wenye matundu, uyamulike kwa tochi kabla ya kuweka kichwa hata kimoja.

Kwa magazini ya bomba kichwa kiwe bapa puani, greni 150 au 170. Chenye ncha kali kinaweza kuigonga fataki ya risasi iliyo mbele yake bunduki inaporuka. Winchester 1895 ina magazini ya sanduku, kwa hiyo sharti hili haliihusu.

Kubana mdomo ni lazima pia, maana springi ya magazini na mshtuko vitasukuma kichwa ndani ya ganda na shinikizo litapanda. Geuza silinda, gonga taratibu mpaka mdomo uingie kwenye mfereji wa kichwa. Hapa urefu wa maganda unatawala: kikomo ni milimita 51.8, kata mpaka 51.5. Ganda refu linabanwa kupita kiasi na bega lake linavimba, fupi halibanwi. Seti haina kikataji wala venia (kipimio cha urefu), na bila viwili hivyo ubanaji unakuwa wa kubahatisha. Risasi nzima isizidi milimita 64.77.

Kukagua ganda linalokaribia kukatika kunataka waya tu. Kunja ncha ya klipu ya karatasi, iingize, ikokote juu kutoka kitakoni. Ikinasa kwenye mfereji ndani ya ukuta wa ganda, au ukiona pete inayong'aa kwa nje hapo hapo, lipondeponde ganda lile kwa koleo ili lisirudi kundini.

Maganda meusi yaoshe kwa maji moto, sabuni na ndimu kidogo, suuza sana, anika kivulini mpaka yakauke kabisa ndani. Brasso ile ya kung'arisha vishikizo vya gwaride usiiguse: amonia yake inaipasua shaba yenye mkazo, na shingo ya ganda ndiyo yenye mkazo kuliko kote.

Unyevu wa Kampala hauzidhuru risasi zilizofungwa kwenye mkebe wenye mpira. Joto ndilo baya zaidi. Risasi zilizoachwa kwenye gari juani Moroto zitapiga kwa shinikizo kubwa kuliko zilizojaribiwa asubuhi. Fataki zibaki kwenye trei zake za kiwandani. Zikimiminwa kwenye chupa ya jemu, ikilipuka moja zinalipuka zote.