Kanuni za Vita vya Marekani, visanamu vya 1870: uzoefu wangu

Kitabu hiki cha mchezo wa vita wa mezani kimetungwa kwa ajili ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Mimi nilikitakia kazi nyingine, maana visanamu vyangu vyote ni Waprusia (Wajerumani wa Prussia) na Wafaransa wa vita vyao vya 1870. Jalada linadai kinafaa vita vyovyote vya karne ya 19. Hapo wametia chumvi.

Uzuri wake uko kwenye ari. Kikosi hakiondolewi mezani kwa kuhesabu maiti; kinachoka, kinasita, kisha kinarudi nyuma, na yote yanaamuliwa kwa dadu mbili. Sehemu hiyo sijaigusa.

Shida ni silaha. Kanuni zinachukulia kwamba pande zote mbili zina magobori, yaani bunduki zinazopakiwa mdomoni, umbali uleule, kasi ileile. Mwaka 1870 mambo yalikuwa tofauti kabisa. Chassepot, bunduki ya Mfaransa, ilikuwa na kilengeo cha hadi mita 1,200, Dreyse ya Mprusia mita 600 hivi, na zote mbili zilipakiwa kwa nyuma. Ukija kwenye mizinga, meza inageuka: Waprusia wana ya Krupp, ya feleji, inayopakiwa kwa nyuma, na Wafaransa bado wanasukumia risasi mdomoni mwa mizinga ya shaba. Kiambatisho kinashauri umwongezee Mfaransa pointi moja ya dadu, basi. Ukifuata ushauri huo unapata Wamarekani waliovaa suruali nyekundu za Kifaransa. Nilichofanya ni kuipa Chassepot umbali maradufu, kuiruhusu mizinga ya Krupp ipige kwanza kila zamu, na kuwaacha askari wafyatue wakiwa wamelala, jambo gumu mno kwa mwenye gobori.

Tulijaribu pigano la kijiji cha Saint-Privat, kilichoshikwa na Wafaransa, Agosti 18, 1870. Mwenzangu akapandisha Gadi ya Prussia, kikosi chao teule, kwenye mteremko ule mtupu, safu zimebanana, inchi 6 kwa zamu kama kitabu kinavyotaka. Kabla hawajafika pa kufyatua, brigedi ya mbele ilikuwa imeshageuza migongo. Gadi halisi ilipoteza watu 8,000 hivi mahali pale. Akaacha kusogea, akaleta mizinga yote akipige kijiji, huku Wasaksoni, washirika wa Prussia, wakizunguka kutoka kaskazini. Hakuna aliyemwambia, kanuni zenyewe zilimsukuma huko, na ndivyo ilivyokuwa kweli.

Wapanda farasi bado wananitesa. Kitabu kinawashusha chini wapigane kwa bunduki fupi, kitu kisichosaidia ukitaka shambulio la farasi la von Bredow, jenerali wa Prussia, kwenye pigano la Mars-la-Tour. Kanuni niliyowaandikia ama inawamaliza wote njiani, ama inawafanya wavunje kila kitu.

Kwa Gettysburg, yaani vita vya Marekani vyenyewe, nakipa nyota nne, kwa 1870 tatu. Chukua nakala ya kidijitali: jedwali la ufyatuaji lina ukurasa wake peke yake, unauchapisha na kuandika namba zako juu yake. Ile ya karatasi gundi yake hafifu, kurasa zinachomoka.